Yatima wa Tanga na Fumbo la Baba

Hapo Mkata, njia ya Handeni inapoachana na barabara kuu, mabasi ya Tanga yameshaanza kupita. Tanga hiyohiyo ndiko alikokulia Kongowea Mswahili, shujaa wa Siku Njema, riwaya ya Ken Walibora iliyotoka mwaka 1996. Mama yake anafariki, baba hamjui. Kipaji cha lugha anacho, ila nyumba anamolelewa ni ya mateso. Mwishowe anavuka mpaka kwenda Kenya kumsaka baba. Ajabu, aliyetuandikia yatima huyu wa Tanga ni Mkenya! Leo ukimkuta yatima wa jirani anaandika mchangani kwa kijiti, mnunulie daftari na kalamu. Kisha mwombe akusomee alichoandika.