Muulizeni

Wanangu, nimeyasema haya msibani, nimeyasema barazani, na juzi tu mlinitazama kama mzee ambaye hadithi zimemwishia. Haya, nayasema tena. Mtu akikwambia amechoka kuishi, usimjibu "nyamaza, hayo ni maneno ya shetani". Kaa chini umuulize: "Unafikiria kujiua?" Ulitamke neno lenyewe.

Najua mtakachosema. Kwamba kulitaja ni kuliita, kwamba utamtia wazo ambalo hakuwa nalo. Hofu hiyo hata wasomi walikuwa nayo, wakaenda kuipima. Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa wanafunzi zaidi ya 2,300 wa sekondari katika jimbo la New York. Kundi moja liliulizwa habari za kujiua, jingine halikuulizwa, na baada ya siku mbili wote wakaulizwa. Wale wa kundi la kwanza hawakuonekana kuwa na fikra hizo zaidi ya wenzao. Waliokuwa na huzuni nzito au waliowahi kujaribu, ndio hasa walioonekana kupata nafuu kidogo kwa kuulizwa. Basi kisingizio hicho kiwekeni chini. Mnaponyamaza mnajikinga nyinyi wenyewe, msije mkasikia jibu.

Na jibu likiwa "ndiyo"? Usipige kelele, wala usianze kumhubiria moto. Hotuba hiyo anaijua tangu chuoni, ameshajihubiria mwenyewe usiku kucha. Muulize kama amepanga, na kwa kitu gani, kisha kitu hicho kiondoke nyumbani, hasa dawa ya shambani. Usimwache peke yake. Wapo wanaosema aliyeamua hazuiliki. Sri Lanka walipiga marufuku dawa za mashamba zenye sumu kali zaidi kuanzia mwaka 1995, na kufikia 2005 kiwango cha kujiua nchini humo kilikuwa kimeshuka kwa nusu. Saa ile mbaya huja na hupita, na wengi waliookolewa wamezeeka wakafa kifo cha kawaida.

"Lakini Mzee, hapa Kailo nani hana mawazo?" Ni kweli. Kijana anatoka kwenye shimo la kasiterite na deni la negosia, yule mnunuzi wa madini, shingoni, mke amerudi kwao, mvua imekata barabara. Ila mwenye mawazo ya deni bado anakula, bado anacheka timu yake ikifunga. Asiyelala wiki ya pili hii, chakula kimemwisha ladha, haogi, anasema watu wa nyumbani wangepumzika asingekuwepo, huyo anaumwa. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, alikwishatenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile inayozuka mwilini bila sababu, akaandika kwamba hiyo ya pili inahitaji na tiba ya mwili. Miaka elfu na zaidi, na sisi bado tunauliza nani kamroga.

Daktari wa akili yuko mbali, hilo silibishi. Bukavu kuna kituo cha Sosame, Goma kuna Tulizo Letu, na safari ya huko mnaijua. Lakini sikilizeni walivyofanya Waganda wa Masaka na Rakai mwaka 2002. Katika vijiji 30 walitafutwa watu wenye sonona, yaani huo ugonjwa wa huzuni. Nusu ya vijiji vikawekewa vikundi, wanawake kwa wanawake, wanaume kwa wanaume, wakikutana kila wiki kwa wiki 16. Waliowaongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa huko huko waliofundishwa majuma mawili. Walizungumza nini? Msiba, ugomvi, na maisha yaliyogeuka ghafla, yaani mambo yetu haya haya. Mwishoni, kati ya waliokuwa vikundini, wenye sonona walibaki asilimia 6.5, kwenye vijiji vingine, asilimia 54.7.

Mtasema Uganda hawana vita. Basi Kivu, majirani zetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuata wanawake 405, manusura wa ukatili wa kingono. Baadhi waliingia vikundi vya tiba vilivyoongozwa na wasaidizi Wakongomani, na kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, masomo waliyahifadhi kichwani. Miezi sita baada ya tiba, asilimia 9 yao ndio waliobaki na dalili nzito za sonona au hofu. Kwa waliopata msaada wa mmoja mmoja tu, asilimia 42. Na risasi zilikuwa bado zinalia.

Kuna ugonjwa mwingine mnaouchekea: yule anayetawadha mpaka swala inampita, anayerudi mara saba kutazama kufuli. Mnamwona mcha Mungu kupita kiasi, au kichaa. Ni ugonjwa wa waswasi, na humtesa mtu hadi atamani kufa. Mkimjibu kila saa "ndiyo, umetawadha vizuri", mnaulisha. Mwaka 1966 Victor Meyer, huko London, aliandika jinsi wagonjwa wawili walivyopata nafuu kwa kukutanishwa na kile walichokiogopa, huku wakizuiwa kufanya lile la kujituliza. Mpaka leo ndiyo njia inayotegemewa: hofu inaachwa ipande, kisha ishuke yenyewe. Polepole, kwa ridhaa yake, si kwa kumfungia maji.

Vidonge navyo vipo, fluoksetini ni kimojawapo. Huchukua wiki kadhaa kabla havijafanya kazi, na kwa waswasi husubiriwa zaidi. Msiviache siku ya tano mkasema muuguzi amewadanganya. Na siku hizo za mwanzo mgonjwa aangaliwe kwa karibu.

Nimechoka, koo limekauka. Kabla hamjatawanyika nitajieni watu wanne wa kuongoza vikundi kama vile vya Masaka, wanawake wawili na wanaume wawili, wasio na umbea. Muuguzi wa kituo cha afya yuko tayari kukaa nao. Kama mnabisha kwamba Kailo nzima hakuna wanne wa namna hiyo, tutaanza na wawili.