Nishani iliyochelewa

Albert Kunyuku aliingia Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo ya Ubelgiji, mwaka 1940 angali kijana, na Vita vya Pili vya Dunia vikampeleka hadi Burma. Wenzake wengine walifika Ethiopia, ambako tarehe 3 Julai 1941, mjini Saïo, Jenerali Gazzera wa Italia alisalimu amri.

Tarehe 8 Juni 2022, jijini Kinshasa, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvisha Kunyuku nishani kifuani. Mzee alikuwa na miaka 100. Wenzake wengi walishazikwa bila kushukuriwa, na hilo linauma.

Siku mbili baadaye mfalme alikuwa Lubumbashi, katika eneo la Katanga. Katanga nayo ilitoa mchango wake vitani: urani ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, ilitumika katika mabomu ya atomiki ya 1945. Wachimbaji wake wanastahili kutajwa pamoja na askari.