Nani Anachagua Tairi: Akili au Majivuno?

Katika milima ya Eifel, magharibi mwa Ujerumani, kuna barabara ya mashindano yenye urefu wa kilomita 20.8 na kona zaidi ya 70. Inaitwa Nordschleife, sehemu kongwe ya uwanja wa Nürburgring uliofunguliwa mwaka 1927. Katika siku maalumu zisizo na mashindano, mwenye leseni na gari halali la barabarani hulipa kiingilio, kizuizi kikainuliwa, akaingia. Sheria za barabarani zinamfuata hadi mle ndani: haruhusiwi kumpita mwenzake kwa upande wa kulia wala kushindana na saa. Hata hivyo, asubuhi kwenye maegesho utawakuta watu wamechuchumaa kando ya magari yao ya spoti, kipima upepo mkononi, wakipunguza upepo kidogo kidogo, kwa kuwa wanajua tairi likishapata moto upepo wake utapanda wenyewe.

Mazungumzo pale ni tairi tu. Lipi linashika zaidi, lipi linaisha upesi, lipi linafaa mvua ikinyesha. Ni mazungumzo ya kiufundi, lakini ndani yake mna swali lililowahangaisha wanafalsafa na watu wa dini kwa karne nyingi: binadamu ana haki gani ya kuuweka rehani uhai wake, na wa jirani yake, kwa ajili ya raha?

Jibu la haraka ni kwamba hana haki hiyo hata kidogo. Lakini jibu hilo likishikiliwa, wapanda milima, wapiga mbizi na mabondia wote wakae nyumbani, na hakuna jamii iliyowahi kuishi hivyo. Aristotle aliliendea suala hili kwa upole zaidi. Kwake ujasiri umekaa kati ya woga na kujitosa ovyo, na jasiri ni yule anayeyaogopa yanayostahili kuogopwa, kwa kiasi chake na kwa sababu njema. Kwa kipimo hicho, anayekwenda uwanjani haulizwi tu kwa nini amekwenda. Anaulizwa pia kama anajijua.

Tairi ndilo linalomwumbua. Gari la kilo 1,500 linashikamana na lami kwa vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikikaribia ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Breki, usukani na injini, hata iwe na nguvu kiasi gani, vyote hupitia hapo. Nchini Marekani tairi la gari dogo hutakiwa kuandikwa ubavuni namba inayolinganisha uwezo wake wa kustahimili kuchakaa na ule wa tairi la kipimo lililopewa 100. Matairi ya barabarani ya magari ya spoti mara nyingi huwa na 300 hivi. Yale yaliyokusudiwa uwanja huwa na 200 au chini ya hapo. Namba hiyo hutolewa na kiwanda chenyewe, kwa hiyo kulinganisha viwanda viwili kwa namba peke yake ni kubahatisha.

Kwa kawaida, kadiri namba inavyoshuka, ndivyo mpira unavyokuwa laini na kushika zaidi, na ndivyo unavyodai zaidi. Tairi la nusu kipara, lenye mifereji michache tu ya kulipatia uhalali wa barabarani, linahitaji moto ili lifanye kazi. Likiwa baridi huteleza, na kwenye maji mengi huelea. Linapokuwa tayari, hushika kwenye kona kwa mwendo ambao tairi la kawaida lingekuwa limeshaanza kulia. Kilio hicho ndicho mwanafunzi anachokihitaji kuliko kitu kingine chochote. Tairi la barabarani hulalamika mapema, huteleza polepole, na humpa dereva nafasi ya kurekebisha. Lile linaloshika sana huficha makosa yake hadi mwendo uwe mkubwa, kisha mara nyingi huachia kwa ghafla zaidi. Nishati ya gari hukua kwa mraba wa mwendo: gari la kilomita 140 kwa saa lina karibu maradufu ya nishati liliyokuwa nayo kwenye 100. Dereva yuleyule, kwa kosa lilelile, anagonga ukuta kwa kishindo kingine kabisa.

Anayesema amenunua tairi la gharama kwa ajili ya usalama anastahili kuulizwa kwa upole: je, ataendesha kwa mwendo uleule wa jana? Katika miaka ya 1980 teksi za München zilifuatiliwa, baadhi zikiwa na breki za ABS, zinazozuia magurudumu kujifunga, na nyingine bila. Zile zenye ABS hazikupata ajali chache zaidi kwa ujumla, na madereva wake walionekana kuendesha kwa ukali zaidi. Waliupokea usalama kwa mkono mmoja wakautumia kwa mwingine. Uwanjani jambo hilo lina nguvu zaidi, maana pale mwendo wenyewe ndio uliowaleta watu.

Wapo pia wasioulizwa chochote. Tarehe 12 Mei 1957, katika mbio za Mille Miglia nchini Italia, tairi la Ferrari iliyoendeshwa na Alfonso de Portago lilipasuka karibu na mji mdogo wa Guidizzolo. Gari likawavamia watazamaji waliojipanga kando ya barabara. Walikufa tisa, watano kati yao watoto, pamoja na de Portago na msaidizi wake Edmund Nelson. Enzo Ferrari, mwenye kampuni, alishtakiwa kwa kuua bila kukusudia, na kiini cha mashtaka kilikuwa tairi: kwamba gari lilitoka likiwa na matairi yasiyoweza kuhimili mwendo ule. Kesi iliendelea hadi 1961, akaachiwa huru. Kabla haijaisha, mwaka 1958, dereva wake mwingine, Luigi Musso, alikufa huko Reims, na gazeti la Vatikani, L'Osservatore Romano, likamfananisha Ferrari na Saturni, yule mungu wa hekaya za Kirumi aliyekula watoto wake.

Mahakama ilimwondolea hatia, na haki ya kisheria ikaishia hapo. Lakini gazeti la Vatikani liligusa jambo ambalo mahakama haikuwa na uwezo wa kulipima. Watoto wa Guidizzolo hawakuchagua tairi lolote. Vilevile abiria aliyealikwa kujionea mzunguko mmoja hachagui, wala mfanyakazi wa uwanja anayesimama kwenye kona akipunga bendera, wala anayekuja nyuma na kulikuta gari limekaa kimshazari katikati ya njia. Wanaishi au kufa kwa uamuzi wa mtu mwingine aliyesimama dukani akichagua mpira.

Mwaka 2005 kampuni ya Michelin ilijikuta mahali hapo hapo. Siku ya mazoezi ya mashindano ya Formula 1 huko Indianapolis, tairi lake lilishindwa na gari la Ralf Schumacher likagonga ukuta. Kampuni ikaziambia timu zake kwamba haiwezi kudhamini usalama wa matairi hayo kwenye kona ile ya kasi. Tarehe 19 Juni magari 14 yaliingia gereji baada ya mzunguko wa kujipanga, yakabaki sita. Mashabiki walizomea, na Michelin ikaahidi kuwarejeshea fedha za tiketi zao. Ilikuwa aibu kubwa ya biashara, na ulikuwa uamuzi sahihi.

Waislamu wana hadithi iliyopokewa na Tirmidhi kuhusu mtu aliyemwuliza Mtume kama amfunge ngamia wake au amwache huru na kumtegemea Mungu. Aliambiwa amfunge, kisha ategemee. Imamu Ghazali, katika Ihya Ulum al-Din, aliieleza tawakali, yaani kumtegemea Mungu, kwa namna hiyohiyo: kuziacha sababu za hakika ambazo Mungu ameziweka wazi mbele ya mja hakuwi tawakali. Kwetu watu husema ajali haina kinga. Msibani kauli hiyo ni ya huruma, humpunguzia mfiwa uchungu wa kujilaumu. Ikitamkwa kabla ya kuwasha gari, mbele ya tairi kuukuu, ni kisingizio tu.

Ukuukuu wa tairi hauhitaji kubashiriwa. Ubavuni, mwishoni mwa mfululizo unaoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira hukauka na kuwa mgumu hata kama mifereji bado ni mirefu, na ule wa uwanjani huchoka kila unapopashwa moto na kupoa. Tarehe 30 Novemba 2013 mwigizaji Paul Walker alikufa akiwa abiria ndani ya Porsche Carrera GT huko Santa Clarita, California, kwenye barabara ya kawaida. Wachunguzi walitaja mwendo kuwa chanzo, kati ya kilomita 129 na 150 kwa saa mahali ambapo ukomo ulikuwa 72. Walibaini pia kwamba matairi ya gari lile yalikuwa na umri wa miaka tisa.

Dereva wa Formula 1 Niki Lauda alilijua suala hili la tairi na uhai kwa ngozi yake mwenyewe. Tarehe 1 Agosti 1976, katika mashindano hapo Nürburgring, madereva wengi walianza na matairi ya mvua, lakini lami ikaanza kukauka. Lauda aliingia kubadilisha baada ya mzunguko wa kwanza, na katika wa pili gari lake liliacha njia, likagonga, likawaka moto. Padri alimpa mpako wa wagonjwa. Wiki sita baadaye alikuwa Monza, akamaliza wa nne. Tarehe 24 Oktoba, huko Fuji nchini Japani, alifika akiongoza msimamo wa ubingwa kwa pointi tatu, mvua ikimwagika na ukungu ukitanda. Alizunguka mara mbili, akasimama, akashuka. Timu ilitaka kusema ni hitilafu ya injini, alikataa kufichiwa. Mpinzani wake James Hunt alimaliza wa tatu baada ya matairi yake ya mvua kuliwa na lami iliyokauka, akatwaa ubingwa kwa pointi moja, 69 kwa 68. Lauda alirudi kuwa bingwa mwaka 1977, na tena mwaka 1984.

Anayekwenda uwanjani kwa mara ya kwanza aende na matairi mazuri ya barabarani, ambayo hayajazeeka, upepo ukiwa umepimwa, na mwalimu kwenye kiti cha pembeni. Mwalimu akimwambia kwamba sasa anafika kila mara kwenye ukomo wa matairi hayo bila kuyumba, hapo anunue yanayoshika zaidi. Na ikimkuta mvua kubwa akiwa na nusu kipara, atoke kwa siku hiyo, hata kama kiingilio hakirudishwi.