Sadaka ya Mbio

Tumeulizwa na baadhi ya ndugu zetu: mtu akimbiaye bustanini, nambari kifuani, ili watu watoe fedha za wagonjwa, je, hiyo si ria?

Mbio zenyewe hazina ubaya, Mtume wetu (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.). Lililobaki ni nia. Huko Kanada, kijana Terry Fox, aliyekatwa mguu kwa saratani, alikimbia kwa mguu wa bandia siku 143 katika mwaka 1980, akichangisha fedha za kuuchunguza ugonjwa huo, hata ukamrudia. Alifariki mwaka 1981. Tangu mwaka huo watu hukimbia kwa jina lake, wengine katika bustani ya Stanley Park mjini Vancouver. Hapana ada ya kuingia, wala hatafutwi mshindi.

Na sisi tuwashukuo ria, si ndio tutangazao majina ya watoaji kwa vipaza sauti, fulani kadha, fulani kadha? Sura ya Baqara imeisifu sadaka ya dhahiri, na ya siri kwa mafakiri ikaipa ubora zaidi.

Basi hatuoni haramu kwa akimbiaye. Aliye na la kujiuliza ni mtoaji: lau asingepita mtu mbele yake akitoka jasho, mgonjwa yule angalimkumbuka? Kwetu twaweza kuanza Ijumaa hii, kapu lipitishwe pasi na jina kutajwa.