Kufuga, Kufunga, Kufunza

Tembea mtaa wowote wa Nairobi wenye mageti na utaona vibao vya "Mbwa Kali" vingi kuliko majina ya barabara. Nyuma ya vibao hivyo mara nyingi kuna mbwa mmoja tunayemjua sote: mgongo mweusi, tumbo la kahawia, masikio yamesimama kama antena. Mchana amefungwa mnyororo nyuma ya nyumba, au amefungiwa kwenye kibanda cha mabati. Usiku anafunguliwa, anabweka hadi alfajiri, kisha anarudishwa. Ukiuliza ni mbwa wa kazi gani, utajibiwa kwa mshangao, "Si wa kulinda?"

Kumbe mababu zake walikuwa wachungaji. Mwaka 1899, afisa wa jeshi la Ujerumani aliyeitwa Max von Stephanitz alinunua mbwa wa kuchunga kondoo, akampa jina Horand von Grafrath, na kutokana naye akaanzisha aina tunayoiita leo mchungaji wa Kijerumani. Sehemu nyingi za Ujerumani malisho yalipakana na mashamba bila ua wowote katikati. Kazi ya mbwa huyu ilikuwa kwenda na kurudi kwenye mpaka huo siku nzima ili kondoo asitie mguu kwenye mimea ya watu. Alikuwa ua linalotembea. Sisi tumemchukua ua huyo tukamjengea ua, tukamfunga ndani yake, halafu tunashangaa mbona ana kisirani.

Kufuga, kufunga, kufunza. Kiswahili kimeyaweka maneno haya karibu sana hivi kwamba ulimi ukiteleza kidogo tu umeshahama kutoka moja hadi jingine. Kufuga ni kumweka mnyama chini ya mamlaka yako na kumlisha. Kufunga ni kumzuia. Kufunza ni kumpa kitu cha kujua. Wengi wetu huanza na la kwanza, tunaishia la pili, na la tatu tunaliona kama starehe ya watu wa Karen na Runda, wenye nyasi za kumwaga na mtu wa kulipwa aje na firimbi. Hoja yangu ni kwamba kwa mbwa wa aina hii, la tatu ni deni. Ukishamleta kejani, huna ruhusa ya kuliruka.

Deni linatoka wapi? Tumwangalie binamu yake mwenye akili zaidi, boda koli. Hiyo "boda" ni ile ile ya bodaboda: jina lake linatokana na mpaka, wa Uingereza na Uskoti, kama vile bodaboda zetu zilivyopata jina mpakani huko Busia. Mbwa mwitu akiwinda hufuata hatua zinazojulikana. Anakazia macho, ananyemelea, anakimbiza, anakamata, anaua. Wafugaji wa mpakani, kizazi baada ya kizazi, walizalisha mbwa waliokuwa na hatua za kwanza kwa wingi na za mwisho kwa uchache. Wakapata mnyama anayeweza kuwasimamisha kondoo kwa kuwatazama tu, bila jino kugusa sufu. Mwaka 1873 mbwa hawa walishindanishwa mbele ya umati mjini Bala, Wales. Mwaka 1893, Northumberland, akazaliwa dume aliyekuja kuitwa Old Hemp, na boda koli wengi walio hai leo ni wa ukoo wake. Mwaka 1906 wenye mbwa wakaunda chama chao cha kimataifa.

Angalia kilichotendeka hapo. Ile njaa ya kazi haikuanguka kutoka mbinguni. Watu waliitengeneza makusudi, kwa sababu ilikuwa na faida kwao. Panya anayeishi darini kwako hakudai chochote, kwani hukumwomba awe vile alivyo. Mbwa mchungaji ni tofauti. Akili yake na kutotulia kwake ni mradi wa binadamu, na sisi tunaonunua watoto wake kwa picha za simu tumerithi mradi huo pamoja na madeni yake.

Akili hiyo inafika wapi? Kule South Carolina, Marekani, profesa mstaafu wa saikolojia, John Pilley, aliamua kumfunza boda koli wake majina ya vitu. Kwa miaka kama mitatu, saa nne hadi tano kwa siku, walicheza na vidude: mpira huu, mdoli ule, sahani ile. Utafiti waliochapisha mwaka 2011 ulionyesha kwamba mbwa huyo, Chaser, alikuwa amejua majina ya vitu 1,022. Cha kushangaza zaidi, ukimwekea kitu kigeni kati ya vile anavyovijua, halafu utaje jina ambalo hajawahi kulisikia, alikwenda akachukua kile kigeni. Alifikiria kwa kuondoa: haya mengine nayajua, basi ni hiki.

Sasa chukua akili ya namna hiyo uiweke kwenye ploti ya hatua kumi kwa hatua kumi, na ugali na omena jioni. Haitakaa bure. Itajitafutia kazi. Watoto wakicheza kati, yeye anawazunguka na kuwasukuma kona moja, na anayechomoka anapigwa meno kidogo kisigino. Bodaboda ikipita anaikimbiza kama kondoo aliyetoroka. Mwanga wa jua unaoakisiwa na saa yako ukutani anaufukuza saa nzima. Akikosa hata hayo, anazunguka akiukimbiza mkia wake mwenyewe, au analamba mguu hadi unatoka kidonda. Na sisi tunasema, "Huyu mbwa ni mwendawazimu." Wengi wetu tumetembeza CV hadi soli zikaisha, tukarudi nyumbani kuambiwa tumekuwa wakali siku hizi. Sisemi binadamu ni mbwa. Nasema kizazi chetu kinapaswa kuwa cha mwisho kumcheka kiumbe aliyeandaliwa kwa kazi halafu akanyimwa.

Kuna pingamizi mbili, na zote nazichukulia kwa uzito.

Ya kwanza niliipata kwa soja mmoja mzee wa mtaa wetu. Nilimuuliza, "Mzee, huyu mbwa mbona hajafunzwa hata kuitika jina?" Akacheka. "Kijana yangu, ukimfunza adabu, nani ataogopa geti?" Hoja yake ina mantiki: mbwa wa mjini anauza hofu, na mbwa mwenye adabu ameharibu bidhaa. Lakini mbwa wa polisi wamefunzwa kuliko mbwa wote wa mtaa, na sijasikia mwizi akiwaita wapole. Mbwa ambaye hajui lolote isipokuwa mnyororo hawezi kutofautisha mwizi na mtoto wa jirani aliyefuata mpira. Anachojua ni kwamba kila kinachosogea ni tukio. Hofu anayoiuza inamhusu hata anayemlisha.

Nyuma ya pingamizi hiyo kuna nyingine ambayo haisemwi sana: mbwa ni mbwa, na watu hawana unga. Kweli. Lakini hapa sizungumzii bajeti. Mafunzo ya mbwa yanataka dakika kumi asubuhi, kumi jioni, na vipande vya chakula kile kile ambacho angekula. Anayekosa hata hizo dakika ana njia nyingine ya heshima kabisa: asimlete. Katika hadithi za Mtume, zinazojulikana vyema na Waislamu wa Pwani yetu, kuna onyo dhidi ya kufuga mbwa bila sababu, lakini wanatengwa mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo na wa kulinda shamba. Na Kurani, katika Sura Al-Maida, inahalalisha windo lililokamatwa na mnyama aliyefunzwa kuwinda. Wanazuoni wana mengi ya kusema hapo. Mimi nachukua jambo moja tu: kabla ya swali la kama unampenda mbwa, kuna swali la kama ana kazi. Hapo ndipo watu wengi wa mjini, pamoja na mapenzi yetu yote na picha zetu zote, tunafeli mtihani.

Pingamizi ya pili inatoka upande mwingine, kwa wasee wanaopenda wanyama kikweli. Wanasema: kumfunza mbwa ni kumtawala. Unamvunja, unamfanya roboti wa "keti" na "lala", halafu unaita hiyo elimu. Afadhali mbwa koko wa Gikomba, mwenye chawa wake na uhuru wake.

Ni kweli kuna mafunzo ambayo ni kufunga kwa jina jingine. Mwaka 2020 watafiti nchini Ureno walichapisha matokeo ya kuwafuatilia mbwa 92 kutoka shule za mafunzo, wengine wakifunzwa kwa zawadi, wengine kwa kukaripiwa na kuvutwa shingo. Mbwa wengi kati yao waliwekewa jaribio rahisi. Bakuli likiwa upande huu, lina soseji. Likiwa upande ule, ni tupu. Mbwa akishajua hilo, bakuli linawekwa katikati. Atakimbia kwa matumaini, au atasita? Wale waliofunzwa kwa njia kali zaidi walikwenda polepole zaidi. Walikuwa wamejifunza "keti", ndiyo, lakini pia walikuwa wamejifunza kwamba dunia haina mengi mazuri ya kutarajia. Fimbo inafundisha masomo mawili kwa wakati mmoja, na la pili hukuliandika ubaoni.

Hata hivyo sikubali kwamba amri yenyewe ndiyo tatizo. Fikiria amri ya kwanza ambayo kila mbwa wa nyumbani anahitaji: "njoo". Wanaofunza mbwa wana sheria moja isiyovunjwa: usimwite mbwa kwako ili umwadhibu. Akija, hata kama alikuwa ametafuna kiatu chako cha mtumba cha bei, kuja kwake lazima kuwe jambo jema. Ukikiuka hilo mara mbili tatu, neno limekufa. Hatakuja tena, na atakuwa na haki. Kwa hivyo ukimfundisha mbwa "njoo", umejifundisha wewe kwanza. Umeahidi kwamba mwisho wa neno hilo, mikono yako ni salama. Tena lazima zawadi ifike ndani ya sekunde moja au mbili, la sivyo mbwa anadhani amelipwa kwa jambo jingine. Na "lala" lazima imaanishe lala leo na kesho, iwe umefurahi au umetoka kwa jam ya Thika Road ukiwa na hasira. Ni wangapi kati yetu tuna neno moja ambalo maana yake haibadiliki kulingana na siku tuliyokuwa nayo?

Na ukienda kwenye kazi yenyewe, mlimani, amri inaonyesha sura nyingine. Mchungaji amesimama chini bondeni. Mbwa yuko mita mia kadhaa juu, ng'ambo ya mteremko, anaona kondoo ambao bosi hawaoni. Mbinja inapigwa: zunguka kulia. Lakini mbwa anaona kwamba akienda kulia, kondoo watashuka kwenye korongo. Wachungaji wenye uzoefu humthamini mbwa ambaye, wakati kama huo, anakataa. Wanataka utii wenye akili ndani yake, na wanajua utii wa namna hiyo una gharama: siku nyingine mbwa atakuwa sahihi na wewe utakuwa umekosea, na itabidi ukubali. Roboti hawezi kukataa kwa faida yako. Mtumwa haruhusiwi. Anayeruhusiwa ni mwenzako wa kazi.

Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, aliwafundisha wanafunzi wake kwamba hatuna wajibu wa moja kwa moja kwa wanyama. Lakini hata yeye alisema mbwa aliyetumikia kwa uaminifu anastahili kutunzwa akizeeka, kwani mwenye kumtupa anauharibu ubinadamu wake mwenyewe. Naona aliishia nusu ya njia. Aliutazama uaminifu wa mbwa kama kitu kinachotufunza sisi utu, akasahau kwamba mbwa naye alikuwa anangoja jibu upande wa pili.

Basi jibu linaonekanaje kwenye nyumba ya vyumba viwili Umoja au Kahawa? Hakuna kondoo, lakini kuna kazi. Ficha omena chini ya vikombe vitatu, umwache atafute kwa pua. Mpe jina la kila kitu anachokichukua. Mfunze kungoja geti linapofunguliwa, na hilo linaweza kuokoa maisha yake. Kumkimbiza tu haitoshi, kwa sababu unazidi kumpa pumzi na kesho atataka kilomita nyingine. Kinachomchosha ni kufikiri.

Na somo gumu kuliko yote kwa mbwa huyu ni kupumzika. Kila anapolala mkekani mwenyewe, bila kuambiwa, dondosha kipande cha chakula mbele yake kimya kimya. Usimsifu kwa kelele. Anajifunza kwamba kutofanya kitu nako ni kitu. Wachungaji wa Uingereza wana maneno ya kumaliza kazi, ambayo mbwa akiyasikia anaacha kondoo na kurudi pembeni mwa bwana wake. Sisi tuna neno fupi na tamu zaidi: basi. Mnyama aliyeumbiwa kazi hajui kujisimamisha. Anangoja mtu anayemwamini amwambie inatosha kwa leo. Aliyefungwa mnyororo hawezi kuambiwa hivyo, kwa sababu hakuna aliyemwanzishia kitu.

Kwa hivyo kabla hujatuma M-Pesa ya kuwekea nafasi kale katoto kenye masikio makubwa kwenye picha, wacha kuuliza kama kana karatasi za ukoo. Jiulize utakapa kazi gani Jumanne jioni, mvua ikinyesha, stima imepotea, na wewe umechoka. Ukiwa na jibu, mlete. Ukikosa, mwachie mwenye jibu, na hapo pia utakuwa umemtendea haki.