Vita Sebuleni, na Wale Wasioonekana

Hivi ni halali kuburudika na vita vya watu wengine? Unaweza kuliona hili ni swali la watu wenye nafasi ya kufikiri sana. Lakini kwa aliyekulia kwenye nyumba yenye deki na baba mpenda historia, ni swali la nyumbani kabisa.

Kwetu Newala, baba alikuwa na kanda za *The World at War*, ule mfululizo wa sehemu 26 ulioanza kuonyeshwa Uingereza mwaka 1973, msimulizi akiwa Laurence Olivier. Jenereta likipata mafuta tunajipanga mkekani, baba anatutafsiria. Tuliijua Stalingrad kabla ya kuijua Dodoma. Na tusidanganyane, ilikuwa raha. Vifaru vikitokeza tulishangilia kama watu wanaotazama Simba na Yanga. Raha yenyewe haikuwa ya kupenda damu. Ilikuwa raha ya kukaa karibu na baba, na ya hadithi ambayo mwisho wake unaujua: wabaya watashindwa.

Kulikuwa na picha nyingine ambazo televisheni zetu huzirudia, za Vita vya Kagera. Nyerere anahutubia Novemba 1978, wanajeshi wanapanda malori, na Aprili 1979 Kampala inaanguka. Baba mkubwa alikwenda vita hivyo kama mgambo. Picha zikianza tu, anainuka, anatoka nje, anakaa chini ya mkorosho mpaka ziishe. Hagombi, hasemi neno. Baba alikuwa anapunguza sauti, ila hazimi.

Nimekuwa nikiwafikiria ndugu hawa wawili. Baba alikuwa na hoja, na aliisema waziwazi: ukikataa kutazama, unawaua wale watu mara ya pili. Baba mkubwa hakutoa hoja yoyote, na sitamwekea maneno mdomoni. Lakini kule kutoka kwake kulionyesha kitu ambacho hoja ya baba haikukifikia. Yupo mtu ambaye kwake zile picha si elimu wala kumbukumbu. Ni jambo lililompata.

Tatizo la pili ni kamera yenyewe. Sehemu kubwa ya picha za vita kuu ya pili zilipigwa na wapiga picha wa majeshi yaliyokuwa yanapigana, kwa hiyo tunaona kile ambacho jeshi lilitaka kionekane. Na pale ambapo hakuna jeshi lililojali kupiga picha, vita vinakuwa kana kwamba havikutokea.

Chukua uwanda wetu huu wa Makonde. Mwaka 1916 Wareno walivuka Ruvuma wakaiteka Newala, kisha Wajerumani wakawafurusha. Mwaka uliofuata majeshi yalipita Masasi na Newala yakifukuzana, hadi Lettow-Vorbeck alipovuka kuingia Msumbiji Novemba 1917. Vita vile havikutegemea malori. Kwa sehemu kubwa vilibebwa kichwani. Upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa wanakadiriwa kufika 95,000, wengi wao kwa maradhi na njaa, si kwa risasi. Nani kati yetu amewahi kuwashangilia wapagazi mkekani? Hata Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, ya mwaka 1927, ina mtu mmoja tu, mwenye bunduki. Wapagazi wametajwa kwenye maandishi ya chini. Nairobi walau walimsimamisha mpagazi pamoja na wenzake wenye silaha.

Sasa vuka Ruvuma. Tarehe 16 Juni 1960, pale Mueda, askari wa Kireno waliwapiga risasi raia waliokusanyika kudai haki zao. Baada ya uhuru, watu wa Mueda wakawa wanaliigiza tukio hilo wao wenyewe, mahali palepale lilipotokea, na mwaka 1979 Ruy Guerra akawafuata na kamera akatengeneza *Mueda, Memória e Massacre*. Wanaigiza hata Wareno waliowaua, na watazamaji wanacheka. Tena wanacheka kwa haki, maana kicheko ni chao na wafu ni wao. Sisi wa ng'ambo ya mto, wenye lugha moja nao, tulizijua Stalingrad na El Alamein vizuri kuliko Mueda.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kutazama si dhambi, lakini kuna deni ndani yake. Raha tunayoipata tunailipia kwa kuuliza: nani alishika kamera, nani alibeba mizigo, nani hayumo? Anayetazama bila kuuliza amepokea habari za mshindi tu.

Deni hilo lina mpaka pia, na hapa ndipo naona ugumu. Ili tumjue asiyeonekana, lazima mtu aseme, na wenye kusema ni watu kama baba mkubwa. Tuna haki ya kumtaka asimulie? Nadhani hatuna. Wajibu wa kukumbuka ni wetu sisi ambao hatukwenda. Yeye alishatoa sehemu yake kule Uganda. Tunachoweza ni kukaa naye karibu chini ya mkorosho, televisheni ikiwa imezimwa, na kuwa tayari kusikiliza akianza mwenyewe. Asipoanza, hilo nalo tulipokee kama sehemu ya historia ya vita.