Leso Niliyoishika na Picha Niliyoituma



Muhula uliopita nilikuwa kwenye taksi, tukitokea upande wa Tirinyi kurudi Mbale. Mbele yetu lori lilikuwa limeigonga bodaboda. Taksi ikasimama, tukashuka. Kabla sijasema innaa lillaahi, simu ilikuwa mkononi na narekodi. Nakiri hili mapema ili mjue kwamba siandiki dhidi ya watu wengine.

Dereva wa bodaboda alilala pembeni mwa lami, nguo zimechanika. Kijana wa kujitolea mwenye fulana ya Msalaba Mwekundu alikuwa amepiga magoti, anakibana kidonda. Watu walimwinamia majeruhi, kila mmoja akitafutia simu yake nafasi. Yule kijana hakutukana wala hakufoka. Aliinua kichwa, akanitazama: "Ndugu, weka simu mfukoni. Shika hii leso, msitiri mwenzako." Mama mmoja alikuwa ameitoa leso yake. Nikashika pembe mbili, mwenzangu mbili. Wengine wakapewa kazi ya kuongoza magari, wengine ya kurudisha watu nyuma. Wote wakatii, maana sasa kila mtu alikuwa na la kufanya.

Yule ndugu alifariki kabla gari la wagonjwa halijafika. Tukarudi kwenye taksi. Na humo, njiani, nilimtumia rafiki yangu mmoja ile video yangu fupi. Mikono ile ile iliyoshika leso ndiyo iliyomvua.

Baadaye mwanafunzi mwenzetu anayetoka kijiji cha marehemu alinieleza kwamba mkewe alijua habari ya kifo kwa kuonyeshwa video kwenye simu ya jirani. Siwezi kuapa kwamba video ile haikuanzia kwangu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: mtu aliyekufa hajui kama amepigwa picha. Basi amedhulumiwa nini?

Jibu nimelipata katika kisa tunachokisoma tangu madrasa. Katika Surat Al-Maida, aya ya 31, baada ya Qabil kumuua nduguye, Allah alimleta kunguru akifukua ardhi, ili amwonyeshe namna ya kuusitiri mwili wa nduguye. Neno lililotumika kwa mwili ule ni sau'a, neno lile lile linalotumika kwa uchi ambao Adam na Hawa walitaka kuufunika kwa majani ya Peponi. Maana yake ni kwamba maiti mzima ni aibu ya kusitiriwa, si uchi wake peke yake. Na tazama aliyepewa somo hilo: muuaji mwenyewe. Ikiwa hata yeye hakusamehewa wajibu wa kufunika, mimi mpita njia nimesamehewa na nani?

Kwa hiyo haki ya maiti haitegemei kujua kwake. Mtume (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Abu Daud kutoka kwa Bi Aisha (r.a.), amelinganisha kuvunja mfupa wa maiti na kuuvunja akiwa hai, ingawa maiti hasikii maumivu. Ndiyo maana mwoshaji huosha huku uchi umefunikwa, na akiona kasoro hufunga mdomo. Kama aliyeruhusiwa kuona hakuruhusiwa kusimulia, sisi tusioruhusiwa hata kuona tunarusha picha kwa idhini gani?

Majeruhi aliye hai naye ana haki yake. Mwokoaji akikata suruali ili aone jeraha, uchi unaonekana kwa dharura. Lakini tumefundishwa katika usulu kwamba dharura hupimwa kwa kiasi chake. Ruhusa ile ni ya mwenye bandeji mkononi, tena kwa sehemu anayoitibu. Haihamii kwa aliyesimama nyuma yake na kamera.

Kuna watakaosema picha ni ushahidi. Ni kweli, na Uislamu umekataza kuficha ushahidi. Dereva akigonga na kukimbia, piga picha namba ya gari, alama za breki na shimo la barabarani, uwapelekee polisi. Lakini uso wa marehemu hauthibitishi kosa la dereva, na kundi la WhatsApp si mahakama.

Tatizo hili si la kwetu tu. Mwaka 2019 huko Ujerumani, polisi wa barabara kuu ya A6, karibu na Nürnberg, aliwasimamisha madereva waliokuwa wakirekodi ajali. Akawaambia waje wamtazame maiti kwa karibu, kama ndicho walichokitaka. Tangu Januari 2021, sheria ya nchi hiyo inaadhibu kupiga picha zinazomdhalilisha mtu aliyekufa, na kifungo kinaweza kufika miaka miwili. Waokoaji huko husimamisha hata mapazia kando ya barabara. Naziunga mkono hatua hizo. Lakini polisi hakuwemo ndani ya taksi yetu nilipobonyeza kutuma.

Aliyekuwemo ni Allah, na mimi nilikuwa nimeshaijua hadithi ya Abu Said al-Khudri (r.a.) iliyomo katika Bukhari na Muslim. Masahaba walipoambiwa wanaokaa njiani waipe njia haki yake, waliuliza ni ipi. Wakatajiwa kuinamisha macho na kujizuia kuudhi watu, pamoja na kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza mabaya. Kwenye ajali, haki mbili za mwanzo ndizo kazi aliyotupa yule kijana kwa leso ya mama wa watu. Hakutufundisha jipya. Alitukumbusha.

Video yangu nimeifuta. Rafiki yangu nilimwomba afute ya kwake, akaniambia alishaipeleka kwenye makundi mawili. Toba inayohusu haki ya mja inataka haki irudishwe, na hii siwezi kuirudisha. Kumwendea mjane na kumwomba msamaha ni wajibu, au ni kumfungulia kidonda upya? Nimemuuliza ustadhi wangu. Amesema kwanza nimwombee marehemu, kisha turudi tuzungumze.

Allah amrehemu, amsitiri, na atusitiri sote siku ambayo hakuna leso.

Wallahu a'lam.